Herufi Kubwa kwa Marehemu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku ya kwanza kwa Madamu Prudence. Duka lake liko Cibitoke, kati ya fundi wa viti na fundi wa redio. Tunatoa kopi, tunachapa barua, tunatengeneza kadi za mwaliko. Lakini kazi inayompa jina ni ya misiba. Familia ikimaliza mwaka wa kumlilia mtu wake, inafanya ile sherehe ambayo hapa kila mtu anaiita levée. Msiba unavuliwa, watu wanakula, wanarudi kuishi. Madamu anaandaa picha kubwa na sauti ya kusoma majina. Kwanza marehemu wa familia, mmoja mmoja. Kisha walio hai waliosaidia, nao wanashukuriwa.

Tuko wasichana wawili tunaojifunza kazi. Nafasi ni moja. Madamu ataamua Jumamosi ya tarehe 16.

Mwenzangu anaitwa Amandine. Anasema na kila mtu. Anasema hata na printa, na printa inamsikia.

Mimi nimemaliza shule juzi na bado sijui kusema na watu. Mwaka jana nilisimama mbele ya darasa dakika kumi bila neno kutoka. Mwalimu akafikiri naumwa. Nisipopata nafasi hii, Ami Muhanna ameshaniwekea kiti katika duka lake la vitambaa. Huko kazi ni kuita wateja. Karibu mama, shika, gusa, nikupimie. Kutwa. Maisha yote. Nimeshaota ndoto mbili mbaya kuhusu kiti hicho.

Saa nane mchana, mkosi. Nilimwambia Amandine anipe kalamu. Madamu akageuka. Akasema sauti yangu ni ya mtu anayeongea kutoka chumba kingine, na ndiyo aliyokuwa akiitafuta miaka mingi. Jumamosi hii nitasoma majina kwenye levée ya familia ya Mirindi, kule Gasenyi. Kipaza sauti mkononi. Watu mia mbili.

Nikaitikia kwa kichwa. Kukataa kungehitaji maneno.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata mpango! Nimepata mpango!

Binamu yangu Muadh, kabla ya kwenda masomoni, aliniachia kompyuta yake ya zamani na kunifundisha kuandika skripti. Skripti ni karatasi ya amri. Unaandika fanya hiki, kisha kile, na mashine inatii mstari kwa mstari bila kukuangalia usoni. Sijawahi kuwa na rafiki wa namna hiyo.

Kwa hiyo: nitasema kila jina mara moja tu, peke yangu, na kulirekodi. Mashine itayaunga. Sauti itakuwa yangu, mdomo hautakuwa wangu. Madamu hakuona ubaya. Alisema bora sauti ifike.

Nilijifungia ndani ya stoo ya karatasi. Marehemu watano: Alphonsine, Faida, Gervais, Zawadi, na Mirindi mwenyewe, mzee wa familia. Kila mmoja nikamwekea faili lake. Halafu walio hai saba. Térence, mtoto mkubwa wa Mzee Mirindi, ndiye anayetulipa. Darius, mdogo wake. Mawazo, dada wa Mzee Mirindi, mama mzito ambaye familia yote inamwogopa. Bonfils, mwenye spika. Madamu, Amandine na mimi, kwa sababu sisi ndio tunaohudumia. Nikarekodi na siku zote za wiki, tarehe, na miezi. Kisha "apumzike kwa amani". Kisha "tunawashukuru walio hai".

Majina ya mafaili ya marehemu nimeyaanza kwa herufi kubwa. Ni heshima. Walio hai wameanza kwa herufi ndogo. Hao wana muda bado.

Nilisikiliza nikiwa gizani kati ya maboksi. Madamu alisema kweli. Sauti ile haikai mahali nilipo mimi. Iko nyuma kidogo, kama mtu aliyeingia stoo kabla yangu na ambaye bado hajatoka.

Kwangu inafanya kazi vizuri kabisa.

Jumatano, 6 Agosti

Skripti nimeihamishia kwenye kompyuta ya dukani, ile ya wateja, ambayo Muadh aliwahi kuiwekea mfumo kama wa kwangu. Nikaiamuru ijiwashe yenyewe kila duka linapofunguliwa, ianze kwa kutaja siku. Nilitaka Madamu aingie aikute inamsalimu.

Umeme ulikuwa umekatika jana jioni. Asubuhi ukarudi. Mashine ikaamka na kusema kwa sauti yangu, taratibu:

"Leo ni Alhamisi. Tarehe mosi, Januari."

Nikaizima. Nikaiwasha. Alhamisi, tarehe mosi, Januari. Mara nne. Mzee aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho alitazama kalenda ukutani kwa muda mrefu, akanitazama mimi, midomo yangu imefungwa, na sauti yangu inatoka pembeni kwenye meza. Akaondoka bila kopi. Bila kitambulisho pia.

Amandine alifanya ishara ya msalaba. Halafu akafungua mgongo wa mashine kwa kisu cha karatasi, akasema kuna betri ndogo kama kifungo cha shati, imekufa. Umeme ukikatika, saa ya mashine inarudi pale saa zote za mashine zilipoanzia, mosi Januari 1970, na hiyo ilikuwa Alhamisi. Alijifunza kwa fundi wa redio wa jirani, kwa maongezi tu.

Kwa hiyo mashine hii, kila umeme ukikatika, inarudi kwenye siku ambayo hata mama yangu hakuwa amezaliwa. Inakaa huko. Inaongea kwa sauti yangu ikiwa huko.

Nimeifuta tarehe kwenye skripti. Kosa ni la mashine. Kwangu saa inaenda.

Jumatano, baadaye

Mzee amemtuma mtu kuchukua kitambulisho. Aliyetumwa hakutaka kuvuka mlango.

Alhamisi, 7 Agosti

Amandine ananihujumu. Nina hakika. Karibu hakika.

Madamu alimwambia achape orodha safi ya marehemu, ili skripti iifuate. Akaichapa kwenye kompyuta ya ofisini, ambayo ni ya aina nyingine kabisa. Nikaichukua bila kuitazama. Papa Térence alikuwa amefika kusikiliza kazi aliyoagiza, kofia kichwani. Nikabonyeza.

"Tunamkumbuka." Kimya. "Apumzike kwa amani."

"Tunamkumbuka." Kimya. "Apumzike kwa amani."

Mara tano. Mahali pa jina palikuwa wazi kila mara, na ndani ya uwazi ule ungesikia pumzi yangu, ile ya stoo. Hakuna jina hata moja.

Nilitaka kuingia chini ya meza. Madamu alifungua mdomo kuomba msamaha. Lakini Papa Térence alikuwa amevua kofia. Alisema kwa sauti ya chini kwamba nyumba yao ina watoto waliokufa kabla ya kupewa majina, na kwamba kwa mwaka mzima hakuna aliyewakumbuka, si padri, si shangazi. Akaniuliza ni nani aliyeniambia kuwa wako watano.

Sikujibu. Sijui kujibu. Yeye akaona ni busara, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Alipoondoka, Madamu alinitazama kwa namna mpya na kusogeza kiti chake nyuma kidogo.

Nikakaa na faili la Amandine saa mbili nzima. Kumbe kompyuta ile ya ofisini inaacha alama isiyoonekana mwisho wa kila mstari. Jina linaonekana Faida, lakini mashine yangu inasoma Faida na kitu. Inatafuta mtu anayeitwa Faida-na-kitu, haimpati, inanyamaza, inaendelea. Amandine anaapa hakujua. Anasema hata alama zenyewe hazionekani, angezijuaje.

Hilo ndilo jibu la mtu mwenye hatia.

Uamuzi: sitaki tena orodha ya mtu yeyote. Majina tayari yamo ndani ya folda yao, peke yao. Marehemu wana herufi kubwa, walio hai wana ndogo. Nimeiambia skripti ichukue kila faili linaloanza kwa herufi kuanzia A kubwa hadi Z kubwa, iwaombee amani. Watakaobaki iwashukuru. Mashine itazame yenyewe nani amekufa na nani yuko hai. Nashangaa sikufikiria hivi tangu mwanzo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimejaribu mara ishirini. Watano wameombewa, saba wameshukuriwa. Kwangu hakuna kosa.

Amandine anasema twende Gasenyi tukaijaribu kwenye mashine ya Bonfils, maana ndiyo itakayotumika kesho. Nimekataa. Bonfils simjui. Ningelazimika kumsalimia, kumweleza mimi ni nani, kumwomba ruhusa. Maneno kama arobaini, nimeyahesabu. Na mashine yake, nasikia, ina mfumo kama wa kwangu, ila wa zamani na wa Kifaransa. Basi ni ndugu. Nimeweka flashi ndani ya bahasha, nikaandika maelekezo juu, nikamtuma fundi wa viti.

Halafu Amandine akasema, kama mtu asiyewaza lolote, kwamba yeye atabeba orodha ya karatasi, mashine ikikwama asome kwa mdomo.

Ndiyo maana! Anataka ikwame.

Walipokwenda kula, nilichukua orodha ya karatasi na kuiweka chini kabisa, chini ya rimu la tatu la karatasi stoo. Ni dhambi ndogo. Mbele yangu naona kiti cha Ami Muhanna na mita ya kupimia vitambaa imelala juu yake.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa nimefunika kichwa.

Kulikuwa na turubai, viti vya plastiki, kreti za Fanta, wanawake wa familia katika kitenge cha aina moja. Saa tisa mchana, jua kali, upepo mdogo kutoka ziwani. Picha ya Mzee Mirindi mbele. Mama Mawazo kwenye kiti cha kwanza, fimbo kati ya magoti. Bonfils kwenye meza yake ya spika, kijana mnene mwenye shati la maua. Mimi nyuma ya nguzo. Amandine anagawa soda.

Bonfils akabonyeza.

"Tunamkumbuka Alphonsine. Apumzike kwa amani."

Vizuri. Wanawake wakainamisha vichwa.

"Tunamkumbuka Bonfils. Apumzike kwa amani."

Bonfils alitazama mikono yake. Aliigeuza, akatazama upande wa pili.

"Tunamkumbuka Darius. Apumzike kwa amani." Darius alikuwa anapita na viti viwili. Akaviweka chini polepole, kama vya mtu mwingine. Kisha Faida. Kisha Gervais. Hao kweli. Ni kuchanganyika kwao ndiko kulikotisha, kwa sababu sauti haikubadilika. Ile ile, ya chumba kingine, haina haraka. Kama anayesoma kutoka mahali ambako tofauti haionekani.

"Tunamkumbuka Laila. Apumzike kwa amani."

Ni mimi. Nilijisikia nikijiombea. 

Hakuna aliyeizima. Bonfils aliondoa mikono mezani tangu jina lake na hakuirudisha. Madamu alikuwa anapekua mkoba akitafuta orodha ya karatasi. Mtu mmoja tu pale alijua ilipo, na mtu mmoja tu angeweza kupiga kelele kwamba ni kosa la mashine. Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Mawazo. Mirindi. Prudence. Térence. Zawadi. Wote amani.

Halafu, baada ya pumzi:

"Sasa tunawashukuru walio hai. Amandine."

Ikaisha.

Watu mia mbili waligeuka. Amandine alisimama katikati yao na trei ya Fanta, yu hai peke yake.

Mama Mawazo aliinuka. Hakupiga kelele. Alisema tu:

"Mi sijakufa. Nani ananizika mbele ya watu?"

 Nadhani watu waliogopa kumjibu. Akakaa, akafunika uso kwa kitenge, na tangu hapo hakusema tena.

Jumapili, 10 Agosti

Nimemwandikia Muadh kila kitu. Amejibu haraka kwa ujumbe wa sauti: kicheko kingi, halafu maelezo.

Anasema mashine yangu haina lugha. Yeye ndiye aliyeiacha hivyo. Kwake herufi ni foleni mbili: kubwa zote kwanza, ndogo zote baadaye. Ukiiambia kuanzia A kubwa hadi Z kubwa, inapata kubwa tupu. Lakini mashine ya Bonfils ni ya Kifaransa, inapanga herufi kama kamusi: a ndogo, A kubwa, b ndogo, B kubwa, hadi mwisho. Ukiiambia kuanzia A kubwa hadi Z kubwa, inazoa wote walio katikati, wakubwa kwa wadogo. Anayebaki nje ya mlango ni a ndogo peke yake.

Kwa hiyo Amandine ameokolewa na kamusi.

Muadh anasema ningejaribu kule kule kwa Bonfils ningeona kwa dakika moja. Anasema usiiamini skripti mpaka umeisikia nyumbani kwa mwenzio. Sikupenda sauti yake.

Nilipomwambia Mama asubuhi njema, aliangusha kijiko. Habari zimefika hadi kwetu. Ami Muhanna amepita na kuuliza, kwa upole sana, nataka mto kwenye kile kiti au vipi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilikwenda kazini kwa sababu kutokwenda kungehitaji kupiga simu.

Bonfils alikuja kurudisha flashi. Aliiweka mlangoni, chini. Anasema tangu Jumamosi mbwa wake anamnusa mara mbili kabla ya kumruhusu kuingia. Madamu naye amejipima presha mara tatu. Anasema hajambo, lakini anasema hivyo mara nyingi mno.

Kwa upande mwingine, wateja wa Amandine wameongezeka. Mwanamke mmoja alileta mtoto mchanga ili ambebe kidogo.

Saa tano akaja Papa Térence. Nilitegemea hasira. Alikaa, akasema shangazi yake Mawazo haitiki. Tangu Jumamosi wakimwita jina lake hageuki. Anakula kidogo wakimwekea bila kumwita. Amesema neno moja tu, kwa ukuta: sauti iliyomzika ndiyo itakayomrudisha. Kwa mdomo, mlangoni kwake, jina lake na kwamba yuko hai. Na si yeye peke yake. Wote.

Madamu akageuka kwangu. Akasema nikifanya hivyo kabla ya Jumamosi, tutazungumza habari za nafasi. Nisipofanya, nichukue mkoba wangu sasa.

Kisha akasimama nyuma ya mashine ya kopi, akafunga macho, na kungoja.

Ilichukua muda. Watu wawili walitoa kopi zao na kwenda. Mwishowe nikasema Madamu Prudence, uko hai. Akatoa pumzi kama tairi. Akasema kuanza na yeye kulikuwa adabu.

Jumatano, 13 Agosti

Bonfils, Papa Térence, Darius. Wote kwa mdomo wangu. Papa Térence aliniomba nirudie, akaita na mke wake asikie. Darius alicheka, halafu akanishukuru kama mtu aliyerudishiwa koti lake.

Sauti inayotoka mdomoni mwangu ni ndogo kuliko ile ya faili. Ina mikwaruzo. Lakini hakuna aliyesogea nyuma.

Kabaki Mama Mawazo. Na yeye siwezi. Nimefikiria fimbo, nimefikiria uso uliofunikwa, nimefikiria kusimama kwenye mlango ule na mdomo wazi kama Jumamosi. Je, nisipoweza? Atabaki hivyo?

Lakini nina mpango. Kwenye simu yangu kuna programu inayosoma skripti zile zile. Ninalo faili la jina lake. Faili linalofuata jina tangu mwanzo nililiita Mwisho, lenye herufi kubwa, ndilo la "apumzike kwa amani". Leo nimerekodi la pili: "uko hai, Mama, uko hai". Nimeliita mwisho, kwa herufi ndogo. Mwisho mkubwa ni wa marehemu, mwisho mdogo ni wa walio hai. Skripti itaita mwisho mdogo. Hakuna alfabeti hapa, hakuna Kifaransa, hakuna kuanzia hadi. Nimejifunza.

Nimejaribu kwenye kompyuta yangu. Safi kabisa. Nimehamishia folda nzima kwenye simu.

Alhamisi, 14 Agosti

Gasenyi, saa sita mchana. Nyumba ya Mama Mawazo ina pazia badala ya mlango wa ndani. Nje jua, ndani rangi ya chai. Wajukuu walikuwa wamekaa kwenye ngazi, hawachezi. Msichana mmoja aliniambia bibi yuko ndani lakini haitiki.

Alikuwa amekaa akitazama ukuta, kitenge kile kile cha Jumamosi. Nilimsalimia kimoyomoyo. Nikanyoosha simu mbele, kama mtu anayeshika taa, na kubonyeza.

"Mawazo," ikasema sauti ya chumba kingine. Bega lake lilitikisika. "Apumzike kwa amani."

Sikuelewa. Nikabonyeza tena, kwa woga. Mawazo. Apumzike kwa amani.

Nje, mjukuu mmoja alianza kulia.

Sasa najua. Mashine yangu inaona mwisho mkubwa na mwisho mdogo kama watu wawili. Simu haioni tofauti. Kwake jina ni jina, kubwa au dogo. Wawili hawakuweza kukaa, mmoja akamfunika mwenzake. Aliyebaki ni mkubwa. Lakini pale sikujua hayo. Nilijua tu kwamba nimemzika mama wa watu mara tatu.

Alikuwa amegeuka. Kitenge kilikuwa kimeanguka usoni. Hakuwa na hasira. Macho yake yalikuwa ya mtu anayeona gari likiondoka na mizigo yake.

"Njo ile sauti yenyewe ya Jumamosi," alisema. "Basi ni kweli."

"Apana," nikasema.

Ilitoka kubwa. Hata mimi nilishtuka. Simu ikaanguka kwenye mkeka na ikaendelea kusema peke yake huko chini, amani, amani, nikaikanyaga.

"Apana, Mama Mawazo. Si ile. Ile ni mashine. Mimi ndiye Laila. Uko hai. Mama Mawazo, uko hai, nimekuona, uko hai."

Sijui nilisema mara ngapi. Koo liliuma. Alinitazama mdomoni muda wote, kama mtu anayehakikisha kwamba unatembea. Kisha akanyoosha mkono, akagusa shingo yangu, hapa mbele, pale sauti inapopita.

"Sema ingine."

"Mama Mawazo."

"Niko," akaitika.

Akaomba chai. Akasema wajukuu waache kulia, nani amekufa humu ndani. Akasema mi niko muzima, na we mutoto ukae, umekonda.

Nilikunywa vikombe vitatu. Nilitembea nikiwa mwepesi hadi Cibitoke. Miguu tu, bila kufikiri. Nadhani nilimsalimia mtu njiani.

Jumamosi, 16 Agosti

Imeamuliwa!

Mama Mawazo amewaambia watu wa kanisa lake, na hao wamewaambia wengine. Inasemekana kuna binti Cibitoke ambaye akikuita unarudi. Familia nne zimekuja kwa Madamu kuomba nisome kwenye levée zao. Mimi, kwa mdomo. Wamesisitiza mdomo. Mashine hawataki kuiona.

Na Amandine, kwa kuwa ni mtu aliyeshukuriwa akiwa hai peke yake, hawezi kuondoka, watu wanamletea watoto. Kwa hiyo nafasi moja imekuwa mbili. Ami Muhanna ameuza kile kiti.

Jioni, tukifunga, Amandine alisema kuna mmoja nimemsahau. Nikahesabu. Bonfils, Darius, Mawazo, Prudence, Térence. Nikasema wote nimewarudisha. Akasimama mbele yangu, na funguo mkononi, akasema:

"Laila, uko hai."

Sikujua kwamba nilikuwa naingoja. Nilimwambia orodha yake iko chini ya rimu la tatu. Akasema anajua, aliiona Jumatatu.

Levée ya kwanza ni Jumamosi ijayo, Ruziba. Watu mia tatu. Mdomo wangu, jua kali, kipaza sauti.

Nimelala kidogo mchana nikifikiria. Halafu nikapata mpango, na ni mzuri kuliko yote.

Spika ndogo, kama kiberiti. Itakaa ndani ya mtandio, chini ya kidevu. Mimi nitasimama mbele kama walivyoomba na kutikisa midomo. Hakuna atakayejua. Spika inafuata amri kutoka kwenye kompyuta ndogo ya Khaled, mtoto wa jirani wa Ami, ambaye amekubali kuniazima Jumamosi asubuhi. Sijaiona bado. Anasema ameiweka kwa Kiarabu, kila kitu kinaanzia kulia. Haidhuru. Herufi ni herufi.

Majina ya Ruziba nimeshayarekodi leo, ndani ya stoo. Ishirini na moja. Nimesikiliza. Ile sauti bado iko mle, nyuma kidogo, inangoja zamu.

Kwangu inafanya kazi vizuri kabisa.